Kabari za Msaji

Kamaludin alirudi gereji kutoka sala ya adhuhuri akakuta kabari moja imelazwa sakafuni kando ya gurudumu la mbele la trekta, imenyooka sawasawa kama kiatu kilichovuliwa mlangoni.

Haikuwa imeanguka. Kitu kikianguka hulala kipendavyo, na hiki kilikuwa kimewekwa. Akaiokota, akaigeuzageuza. Ilikuwa na vuguvugu, mfano wa kiti alichotoka kukikalia mtu sasa hivi. Akaigongomea mahali pake kwa nyundo, kisha akamwita Joab, mwenzake wa kazi, akamuuliza kwa nini anachezea kabari na hali anajua hatari yake. Joab akajibu kwamba hajaigusa tangu asubuhi, na kwamba yeye alidhani Kamaludin ndiye aliyeitoa. Wakanuniana, kila mmoja akiona mwenziwe anamfanya mtoto.

Kipande cha mti kisichozidi kiganja si jambo la kumnunisha mtu mzima, ila kwa anayejua trekta hufunguliwa vipi. Klachi ya trekta imefichwa tumboni, baina ya injini na giaboksi, na huwezi kuifikia mpaka ulitenganishe trekta lenyewe nusu mbili, kama mtu avunjavyo mkate. Nusu ya nyuma hukalishwa juu ya viegemeo vya chuma viitwavyo farasi, isiende popote. Nusu ya mbele, yenye injini, hupandishwa juu ya toroli, na toroli likavutwa taratibu juu ya reli mpaka ipatikane nafasi ya mtu kuingia mabega. Sasa injini ile, ikishaachana na mwenziwe, imebaki juu ya ekseli inayocheza kama mizani. Bila kabari kugongomewa huku na huku, italala ubavu. Na bila kabari nyingine chini ya magurudumu ya toroli, itarudi ilikotoka, na aliye katikati ndiye atakayeipokea.

Aliyeipokea mwaka uliopita alikuwa Kahindi. Wakati ule gereji yao ya Mbaraki haikuwa na vifaa. Walifungua matrekta ya bandarini kwa jeki moja na makasha ya chai. Kasha lilipasuka, na Kahindi akatoka pale na mkono mmoja. Kamaludin ndiye aliyemshika njia nzima ya kwenda hospitali, na siku ile aliapa kwamba hatamwingiza tena mwana wa mtu katikati ya trekta mpaka awe na vifaa vya haki. Akaunga farasi mwenyewe, akatandika reli, akatengeneza toroli. Kabari zilimsumbua zaidi, kwa maana kila mti aliojaribu ulisagika kwa uzito. Mwishowe akapata gogo la msaji wa zamani, gumu kama chuma, akalikata kabari zote kutoka humo. Trekta hili ndilo la kwanza kufunguliwa nazo, na hazikusagika hata chembe.

Kumbe sasa zilikuwa zinatoka.

Kesho yake zilitoka mbili. Siku iliyofuata zikatoka zote za upande mmoja, na toroli likakutwa limesogea. Nafasi iliyokuwa ya mabega imekuwa ya mkono. Kamaludin akaleta pimamaji, akalilaza juu ya reli, akapiga magoti mpaka akaumwa na viuno. Sakafu ilikuwa sawa kama maji ya mtungini. Wakalisukuma toroli, wakazigongomea kabari upya, na Joab akazifunga kwa waya, akikaza kwa koleo huku akisema peke yake kwa lugha ya kwao. Walipotoka kunywa chai na kurudi, waya ulikuwa umefunguliwa na kukunjwa vizuri, na hewa ya gereji, iliyokuwa haijui ila diseli na grisi, ilinukia udi.

Kazi ya siku moja ikawa ya juma zima. Muhdhar, mwenye gereji, alikuwa kila asubuhi anasimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa, akiuliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi kama trekta litafungwa kabla ya mwezi mwandamo. Na Chirau, dereva wa trekta lenyewe, ambaye bandarini walikuwa wamempa rukwama asukume mpaka trekta lake lipone, alipita kila jioni kuwakejeli.

"Mafundi," alisema, "mmempasua mgonjwa, sasa mmesahau kushona?"

Joab alitaka kumrushia spana. Kamaludin alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemeza shubiri. Aliloliogopa halikuwa kejeli. Ilibaki kazi moja tu, kutia pleti mpya ya klachi, na hiyo ni kazi ya kuingiza mikono miwili na kichwa katikati ya zile nusu. Wa kuingia alikuwa Joab, mwembamba wa mabega. Kila alipomtazama, Kamaludin alimwona Kahindi. Kwa hiyo alikuwa akiiahirisha kazi, na Joab, aliyechoka kuchekwa, alishaanza kumwambia waziwazi kwamba woga wake ndio unaowachelewesha.

Siku moja Joab alikuwa ametoka kwenda kula. Jua lilikuwa la utosi, kivuli cha mtu kimejificha chini ya nyayo zake, na Mbaraki nzima kimya isipokuwa bati la paa lililokuwa likilia kwa joto. Kamaludin alikuwa amechuchumaa akipaka grisi kwenye reli, kichwa kimejaa hasira za asubuhi. Kutoka katika ule uwazi wa trekta, sauti ya mwanamke, ya adabu, ya mtu aliyesimama nje kwa muda mrefu, ikasema:

"Hodi."

Na Kamaludin, mtoto wa Mji wa Kale, aliyefunzwa adabu kabla ya kufunzwa kutembea, akajibu bila ya kuinua macho:

"Karibu."

Kisha ndipo akainua macho. Hapakuwa na mtu. Upande huu ilikuwa injini, upande ule giaboksi, na katikati giza dogo lisilopaswa kuwako saa ile ya mchana. Na katika lile giza kitambaa kikapita kikachakarisha chuma, njuga zikalia mara moja kama mguu unaovuka kitu mlangoni, na harufu ya udi ikamjia usoni nzito mpaka machozi yakamtoka. Akaweka kopo la grisi chini polepole. Akachukua baiskeli yake akaenda nyumbani, wala hakukumbuka kufunga mlango wa gereji.

Nyumba yao ilikuwa katika kichochoro nyuma ya Ndia Kuu. Mamake, Bi Sheikha, alikuwa ameketi juu ya mkeka akichambua mchele. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza lolote la sauti wala la harufu. Aliuliza jambo moja.

"Kizingiti cha mlango wa ua, ulipojenga kile cha saruji, cha zamani ulikipeleka wapi?"

Kamaludin akamwambia. Kilikuwa msaji mzuri, hakuona sababu ya kukitupa. Alikikata kabari.

Bi Sheikha akauweka uteo wa mchele chini. Akamweleza, kwa sauti ya chini kama anayesema mbele ya mgonjwa, kwamba chini ya kizingiti kile bibi yake mwenyewe aliwahi kuzika maneno ya kinga, kwa ajili ya jini mmoja aliyekuwa akija mlangoni adhuhuri. Hakuwa na ubaya, ila alikuwa hana kwao. Bibi hakumfukuza, alimsimamisha nje tu, asivuke. Tangu siku hizo alikuwa akibisha hodi saa ile ya jua kali, na wenye nyumba hawaitikii. Ndiyo maana, alisema, adhuhuri mlango ule hauendewi na mtu ila yeye mama, naye huchungulia dirishani kwanza. Hakuwaambia watoto kwa sababu mtoto ukimwambia usiitikie, ataitikia aone.

"Weye ukampelekea kizingiti chake," alisema. "Ukamfungulia kitu mfano wa mlango. Kisha ukamwambia karibu."

"Anataka nini, mama?"

"Nyumba. Nani asiyetaka nyumba? Na mtu akishaingia kwake, mwanangu, hufanya nini?"

Kamaludin alikuwa ameona toroli likisogea, siku baada ya siku, kidogo kidogo, kama mkono unaojaribu mlango. Hufunga. Mtu akishaingia kwake hufunga mlango. Akasimama. Akauliza kama atafute mwalimu wa kumsomea, na mamake akatikisa kichwa: uliyemkaribisha mwenyewe hafukuziki, hata asomewe mpaka mate yakauke. Kilichobaki ni adabu. Aingiaye nyumba ya mtu hatoki ila kwa ruhusa ya mwenyewe.

Akaipanda baiskeli, akaukata mji kuelekea Mbaraki, na kadiri alivyokanyaga ndivyo njia ilivyozidi kurefuka, mikokoteni ikimzibia, watu wakimsalimu naye hana pumzi ya kuitikia, na moyoni anahesabu yale ambayo Joab amekwisha kufanya, amekwisha kurudi kutoka kula, amekwisha kuona gereji wazi na fundi hayupo, amekwisha kusema basi leo naimaliza mwenyewe, amekwisha kunawa mikono na kuichukua ile pleti na kuinama. Na alipofika mlangoni akaitupa baiskeli chini magurudumu yakiwa bado yanazunguka, akaona miguu ya Joab.

Miguu tu, na kiuno. Yaliyobaki yalikuwa ndani.

"Fundi," sauti ya Joab ilitoka humo, ya chini, ya mtu anayeogopa hata kupumua. "Kabari zako zinatoka."

Zilikuwa zinatoka. Moja baada ya nyingine zilikuwa zikiteleza kutoka chini ya magurudumu, bila kishindo, na kulazwa kando. Toroli lilikuwa likienda mwendo wa kivuli. Kamaludin akaweka bega lake juu ya injini akasukuma, na ilikuwa kama kusukuma ukuta wa ngome. Akachukua mtaimbo, akauchomeka mbele ya gurudumu. Mtaimbo ukapinda taratibu kama mti mbichi. Akamwambia Joab ajivute atoke. Joab akasema mkono wa shati lake umeshikwa, na kwamba haukushikwa na bolti. Umeshikwa tu.

"Joab, omba ruhusa."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenye nyumba."

"Fundi, huu si wakati wa mizaha."

"Kama kuna siku uliwahi kuniamini, ni hii. Wewe ni mgeni humo. Omba ruhusa."

Joab, ambaye hakuwa na jambo na majini ya pwani, na ambaye Jumapili zote alikuwa kanisani Tudor na mkewe Jael, alijaribu tena kuuvuta mkono, haukutoka. Injini ilishamgusa mgongo.

"Mama," alinong'ona, "naomba ruhusa niende. Nyumbani wananingoja."

Toroli likasimama. Na kutoka ndani, kwa upole, kama mwenyeji aliyekuwa akingoja neno hilo tangu mwanzo na kushangaa limechelewa, sauti ikasema, "Ruhusa."

Kamaludin akamshika Joab kiunoni akamvuta, wakaanguka wote wawili sakafuni. Nyuma yao nusu mbili zikakutana. Kazi ile ya kuoanisha meno ya shafti, inayowatoa mafundi wawili jasho asubuhi nzima, ilikwisha kwa mlio mmoja mdogo, kama komeo. Matundu ya bolti yalitazamana yote.

Joab alikuwa ameketi, amekumbatia kitu kifuani. Ilikuwa ile pleti mpya ya klachi, bado ndani ya karatasi yake. Ile ya zamani ilikuwa nje kwenye lundo la vyuma chakavu. Trekta lilikuwa limejifunga tupu.

Kamaludin alimwambia Muhdhar hayo yote bila kuficha, na akamwomba trekta lisitoke. Muhdhar aliona trekta lililofungwa, hakuona kingine. Alikuwa amengoja vya kutosha. Mafundi walipokataa kukaza bolti, alivua kanzu akakaza mwenyewe, akilaani uvivu wa siku hizi. Kamaludin alijifariji kwamba halitakwenda. Bila pleti injini itanguruma mpaka kesho na magurudumu yasigeuke. Kesho yake asubuhi Chirau akapanda, akawasha, akatia gia. Trekta likaondoka langoni taratibu, kwa ulaini ambao Kamaludin hakuwahi kuusikia katika trekta lolote alilotengeneza kwa mikono yake.

Haikupita muda Chirau akarudi kuwashukuru. Aliliegesha mbele ya gereji adhuhuri, akabaki kitini alipokuwa tangu asubuhi, akiwasifu kutoka juu. Pongezi zote ziende kwao, alisema, kejeli anazifuta. Klachi ilikuwa laini kama siagi. Jambo moja tu lilimchekesha.

"Nikiikanyaga," alisema, "ni kama upande wa pili kuna unyayo. Wa moto kidogo. Unanisukuma polepole, kama anayejibu. Mmetia kitu gani humo?"

Joab aliingia ndani. Kamaludin alisogea mpaka kwenye gurudumu, akamuuliza Chirau kwa sauti ndogo kama alisalimu alipopanda, na kama ataomba ruhusa akishuka.

"Nimwombe ruhusa trekta?"

"Omba, ndugu yangu. Haitakugharimu kitu."

Chirau akacheka mpaka akajifuta macho kwa kofia, akasema jua la leo limemwingia fundi kichwani, na akainuka kushuka. Mguu wa kulia ukatua kwenye kidato. Wa kushoto ulibaki juu ya klachi. Akauvuta, bado anacheka, kisha akauvuta tena.