Samaki Kisu wa Nasir

Yule samaki alianza kuogelea kwenda mbele. Kwa samaki mwingine lingekuwa jambo la kawaida. Huyu, mweusi tii, bapa kama kisu cha mkate, siku zote alipenda kwenda kinyumenyume, na ndiyo sababu Nasir alimleta kutoka Nairobi kwa basi, amempakata kama mtoto.

"Amebadilika," Nasir alimwambia mkewe, akifurahi. "Ile dawa imemchangamsha."

Naeema alifundisha fizikia na alikuwa amechoshwa na tangi hilo pamoja na harufu yake ya tope. Akauliza dawa gani. Ya njano, Nasir akasema, iliyokuwa mezani kwenye chupa ya soda.

Dawa ya samaki ni ya njano, kweli. Lakini chupa ile ililetwa na mama mkwe kutoka kwa Mwalimu Obeid wa madrasa: kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ili binti yao Afnan anywe, homa imwishe.

"Umemnywesha samaki kombe," Naeema akasema. "Na mtoto je?"

Mtoto hakuwa na homa tena. Alikuwa baridi. Alikaa mbele ya kioo cha tangi bila kupepesa macho, akakataa uji, na Naeema alipomgusa shingoni ganzi ilimpanda mkono mpaka kwapani, naye, aliyejua kwamba samaki wa aina hii hutoa umeme, ila hafifu mno hata binadamu hauhisi, aliitafutia sababu, soketi, zulia, gauni la nailoni, huku harufu ya tope ikitoka sasa kinywani mwa mwanawe, na ndani ya kifua kile kidogo kukivuma kitu kama friji kuukuu, hadi uvumilivu ukamwisha, akamchota samaki kwa ndoo, akaenda kummwaga ziwani, Dunga.

Mwalimu Obeid alifika alasiri. Alisoma polepole, akauliza samaki yuko wapi. Kombe lilimfukuza jini aliyekaa ndani ya samaki, akaeleza, naye kaingia mlango wa karibu, mtoto. Wamletee samaki yule, jini atahama arudi humo.

"Nimemtupa," Naeema akasema.

"Mama Afnan," Nasir akanong'ona, "si ungeniuliza?"

"Wewe uliniuliza chupa ni ya nani?"

Mwalimu alikuwa tayari anatafuta viatu vyake. Afnan akasogea kwenye kochi, akajinyoosha vizuri.

"Msigombane," akasema, kwa sauti iliyozeeka kuliko ya bibi yake. "Hapa pananitosha."