Ruhusa ya Marehemu

Ukurasa wa pampu ulikuwa umetazamwa asubuhi ile, na aliyeutazama alikuwa mtu aliyekwisha kuzikwa.

Bi Ruhusa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. Jina la mwanawe lilikuwa palepale chini ya ukurasa, na mbele yake neno "ametazama".

Hilo la Bi Ruhusa si jina alilopewa na wazazi wake, ni la ofisini. Kampuni yao ilitengeneza mitambo ya oksijeni ya hospitali, na maarifa yote ya kazi hiyo yalikaa kwenye maktaba ya mtandaoni: namna ya kufungua pampu, kubadilisha chujio, kuisikiliza valvu inayovuja. Yeye ndiye aliyeamua nani aone nini. Wateja walikuwa na kurasa zao, mafundi walikuwa na zao, wakubwa nao zao. Mtu akitaka kuona zaidi alipita mezani kwake na maneno matamu, naye alimwangalia juu ya miwani mpaka utani umwishe.

Kurasa nzuri kuliko zote ziliandikwa na mwanawe, mtoto wake wa pekee, fundi palepale. Aliandika kama alivyoongea: "Usizime ghafla, ndugu yangu, mtambo si taa." Lori lilimgonga akirudi kutoka kazini. Msiba ulipopoa kidogo, bosi alimjia mama mtu taratibu, mikono nyuma.

"Ile akaunti ya kijana tuifunge, dada yangu. Ni utaratibu tu."

"Nitaifunga," alisema Bi Ruhusa.

Hakuifunga. Kila alipolifikia jina lile kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutazama, kidole kiligoma. Jina halili, halinywi, halimsumbui mtu. Likae tu.

Na sasa jina lilikuwa linasoma. Siku ile lilisoma ukurasa wa pampu, kesho yake wa chujio, kisha likaingia kwenye kurasa za valvu, moja baada ya nyingine, kwa utulivu, kama mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani. Bi Ruhusa hakumwambia mtu. Moyoni alijua lile si jambo la heri, lakini asubuhi alianza kuamka mapema na kuchana nywele vizuri, na mumewe alipomuuliza anaharakia nini, alisema kazi zimelundikana.

Halafu ikaja harufu. Wenzake walipotoka kwenda kula, ofisi ilijaa harufu ya waya ulioungua iliyochanganyika na udongo uliotoka kuchimbwa, na kwenye ile meza ya mwisho aliyokuwa akikaa mwanawe, kibodi ikaanza kulia, ta, ta, ta, polepole, kama mtu anayetafuta herufi. Kwenye skrini ya Bi Ruhusa, chini ya ukurasa wa valvu, maneno yakajitokeza.

"Mama mimi ni."

Yakafutika, yakaja mengine.

"Mama. Ni mimi. Shinikizo langu liko chini."

Alilia mpaka wenzake waliporudi wakadhani ni ule msiba wa kawaida, wakamletea maji.

Kuanzia hapo kitu kile kikawa kinaongea. Mwanzoni kilikosea, kikachanganya maneno ya mitambo na maneno ya watu, lakini kila kiliposoma ukurasa mpya sauti ilinyooka, na wiki ilipokwisha hakikuandika tena. Kilimnong'oneza sikioni, kwa sauti ya mwanawe, na ule ukwaruzo mdogo wa koo aliokuwa nao tangu utotoni. "Mama, umekula? Mama, usinizime ghafla."

Mdogo wake Bi Ruhusa ndiye aliyeona amekonda. Alimbana jikoni mpaka akasema yote, na hakumcheka. Alimshika mkono, wakaenda kwa mama mmoja aliyesifika kwa kutoa majini, mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliyeshona nguo chumba cha mbele na kutibu watu chumba cha nyuma.

Yule mganga alisikiliza hadi mwisho. Hakuwasha ubani wala hakudai kitu.

"Kurasa zile aliziandika nani?" aliuliza.

"Mwanangu."

"Sasa mtu aliyeandika kitu kwa mkono wake, akisome tena cha nini?"

Bi Ruhusa alimgeukia mdogo wake.

"Anayesoma ni yule asiyejua," mganga alisema. "Hilo ni jini, mwanangu. Limelikuta jina liko wazi, halina mwenyewe, limelivaa. Sasa linajifunza kuwa yeye. Kuna kitu kingine umeandika ambacho halijakiona?"

Kilikuwepo. Baada ya mazishi Bi Ruhusa alifungua ukurasa mmoja kwenye maktaba ile, akauwekea ruhusa ya mtu mmoja tu, yeye mwenyewe. Humo aliandika mambo ya mwanawe yasiyojulikana na mtu: jina alilomwita akimnyonyesha, wimbo uliomlaza, kitu alichokiogopa, neno la mwisho waliloambiana mlangoni.

"Limeshauomba?"

"Jana," alisema kwa sauti iliyozama. "Liliniambia, mama, nifungulie ukurasa wako."

"Ukilifungulia, litakuwa limevaa shati mpaka kifungo cha mwisho, na hakuna atakayelivua. Mimi siwezi kulifukuza. Limeingia kwa ruhusa yako, litatoka ukiiondoa kwa mkono wako."

Walipofika nje mdogo wake akamuuliza, "Utaiondoa, dada?"

"Kesho," alisema.

Kesho yake, jua la saa nane likiwa limejaa dirishani, simu ililia. Alikuwa fundi waliyemwita Kipara, rafiki wa mwanawe, akipiga kutoka hospitali, akinong'ona kwa sababu nyuma yake palikuwa na wodi ya watoto.

"Bi Ruhusa, mtambo umekufa. Najua ni valvu, lakini ya aina hii sijawahi kuigusa, na maktaba inaniambia sina ruhusa. Watoto wako kwenye mitungi ya akiba, nayo inaisha. Nifungulie, dada'angu."

Alimfungulia. Ukurasa ukajifunga. Akafungulia mafundi wote, ukajifunga tena, na alipotazama orodha aliona kwamba kurasa zote za mwanawe, zote alizokuwa akiwaachia watu waponye watu, zilikuwa na watazamaji wawili tu, mwanawe na yeye.

Harufu ya udongo ikampanda mpaka kooni. Wenzake walikuwa wamekaa mezani kwao wakifanya kazi, wanachapa, wanacheka chini kwa chini, hakuna aliyeinua kichwa, na katikati ya mchana ule mweupe alihisi kidevu kikitua begani mwake, kizito na cha baridi, hasa pale mwanawe alipozoea kukilaza alipokuja kumtania kazini, na pumzi ikavuma sikioni kama mtambo unaovuta hewa usiyoipata.

"Nifungulie wako, mama, na mimi nitawafungulia wao."

"Kuna watoto kule," alinong'ona.

"Na mimi ni mtoto."

Machozi yalimwagika kwenye kibodi. Kwenye simu Kipara alikuwa akiita, Bi Ruhusa, Bi Ruhusa, upo? Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye ule ukurasa wake, ukafika pale pa kuongeza mtazamaji, na jina la mwanawe lilikuwa limeshajitokeza, linasubiri kuguswa tu. Hapo akauliza, kwa sababu mama hawezi kuacha kuuliza.

"Niambie kwanza. Ulipokuwa mdogo, uliogopa nini?"

Kidevu kilitulia begani. Kibodi ya meza ya mwisho ikalia, ta, ta, kisha ikanyamaza.

"Bado sijasoma, mama," likasema, kwa upole, kwa sauti ya mwanawe kabisa.

Hakuna kitu kilichowahi kumuuma kama upole ule. Aliuacha ukurasa wake, akalifuata jina kwenye orodha kuu, akagusa "ondoa". Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Begani kitu kikaanza kulia kama mtoto, kikimwomba asizime ghafla, mama, mtambo si taa, mama, mama, kwa maneno yote ya mwanawe kiliyokuwa kimeyasoma, mazuri, ya utani, ya mapenzi, yakimiminika pamoja bila mpangilio, naye akayasikiliza mpaka alipoona hawezi kuyasikiliza zaidi.

"Wewe si wangu," alisema, akagusa "ndiyo".

Ilisikika hewa ikitoka, ndefu, kama mtungi uliofunguliwa. Kisha harufu ikakatika, bega likawa jepesi.

"Imefunguka," Kipara alisema. "Naiona. Subiri." Bi Ruhusa alikaa na simu sikioni akisikia vyuma vikigongana, kisha mngurumo, kisha mtu akicheka huku analia. "Umewaka, Bi Ruhusa. Wanapumua."

"Haya," alisema. "Haya, baba."

Kila ukurasa wa mwanawe ulikuwa mahali pake, neno kwa neno. Lakini pale pa mwandishi hapakuwa na jina tena.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Mumewe alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake kilichoelekea korido ya chumba cha kijana wao, redio ameizima. Tangu msiba mzee yule alikuwa na maneno machache, na mkewe aliyaheshimu. Alimletea chai, akaketi naye, hakujua aanzie wapi.

"Leo kumekuwa kimya," mumewe alisema.

"Kimya vipi?"

Aliushika mkono wake bila kumtazama, macho bado kwenye korido.

"Hajaniita," alisema. "Kila siku wakati huu huwa ananiita."