Nasiba na Mvua Iliyochelewa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nasiba alichungulia pipa la kukingia maji ya mvua kutoka kwenye bati nyumbani kwao, mtaa wa Mapendo. Ulikuwa mwaka wa pili tangu lava ipite katikati ya Goma. Septemba ilikuwa inaisha, na pipa lilikuwa tupu.

"Volkano imeunguza mawingu," alisema mama yake akifunga mbegu za maharage. "Lakini kesho nakwenda shambani Kalengera na Papa yako. Nitapanda zote. Septemba ndiyo wakati wake."

Nasiba aliingiwa na wasiwasi. Waasi walikuwa wakifunga barabara mara kwa mara. Mbegu hizo zikifia ardhini, nyingine zingetoka wapi?

Shuleni alimwuliza Mwalimu Kataliko kama lava inaweza kuunguza mawingu.

"Mvua ya milima yetu haitengenezwi hapa peke yake," alijibu mwalimu. "Pepo huleta unyevu kutoka mbali, hata Bahari ya Hindi. Kuna miaka maji ya bahari hiyo upande wa Afrika hupoa. Hewa hushuka badala ya kupanda, mawingu hupungua, na mvua inaweza kuchelewa."

"Tutajuaje kama ni bahari au volkano?"

"Kama ni volkano, pangekauka wapi?"

Nasiba alifikiri. "Karibu yake tu."

"Basi waulize wanaotoka mbali nayo."

Jioni alikwenda kwenye maegesho ya malori, alipofanya kazi baba yake, Papa Yusufu. Dereva aliyetoka Kigali alimwambia kwamba huko nako mashamba yalikuwa makavu. Mama mmoja mchuuzi aliyetoka Bujumbura alisema vivyo hivyo.

"Mutoto huyu anatafuta mvua kwa madereva," dereva mmoja alitania. Papa Yusufu hakucheka, alisikiliza.

Nyumbani, Nasiba alipoeleza aliyoyasikia, mama alikunja uso. "Sasa bahari nisiyoijua ndiyo inipangie siku ya kupanda?"

"Kigali hakuna volkano, Mama," alisema Nasiba taratibu.

Mama akafungua mfuko na kutenga nusu ya mbegu zibaki nyumbani.

Zile alizopanda kesho yake zilikauka. Mvua ilipoanza hatimaye, barabara ilikuwa wazi, naye akapanda zilizobaki. Zikaota vizuri.

Siku ya mavuno, mama alimwita Nasiba shambani.

"Mimi niliulaumu mlima kwa sababu ndio ninaouona kila siku," alisema. "Wewe uliuliza, halafu ukahakikisha. Fanya hivyo daima, mwanangu, hata kama anayekujibu ni mimi."