Tiketi Ambazo Koku Hakuzijaribu

Jumamosi nyumbani kwa akina Koku, kule Pasiansi, ni yale yale. Koku anafagia, anawatupia kuku pumba, na mama yake anakaa mezani na kompyuta kama fundi cherehani na cherehani yake. Mama huyo, Leonsia, ni kiongozi wa mafundi wa programu kwenye kampuni inayouza tiketi za safari mtandaoni. Mtu yuko zake Buzuruga anakunywa chai, anabonyeza simu, tiketi hiyo.

Lakini Jumamosi hii Koku alikuwa anafagia palepale alipokwisha kufagia. Masikio yalikuwa ndani.

"Obedi, mdogo wangu," mama alisema kwenye simu, sauti imefunguliwa, "abiria wa meli ya Bukoba wanapiga tangu asubuhi, tiketi zao hazionekani. Meli inaondoka jioni. Ile programu uliyoandika uliijaribu kweli?"

"Niliijaribu sehemu yangu, dada. Kila mmoja alijaribu yake na watu wa nyumbani, kama ulivyoagiza. Hata wewe ulisema kwako imepita."

"Ilipita. Sasa mkurugenzi anataka jina la aliyeharibu. Nimpe la nani?"

Obedi akasema, "Mpe langu."

Koku akasimamisha ufagio. Wiki iliyopita mama alimpa simu akamwambia, "Jifanye mteja. Nunua tiketi ya mtu mmoja, kisha za familia nzima." Koku akanunua ile moja, ikakubali. Mara rafiki yake Mboni akamwita wakaruke kamba. Jioni akamwambia mama, "Nimejaribu zote, ziko sawa." Neno dogo tu. Lakini hata mchanga ni mdogo, na mla wali anaujua.

Akinyamaza, nani atajua? Ila huyo Obedi ndiye aliyemfundisha baiskeli, anamkimbilia nyuma mpaka viatu vinamtoka. Na leo atafukuzwa kazi.

Akaingia na ufagio mkononi.

"Mama."

"Ngoja kidogo, Koku."

"Mama, zile za familia sikuzijaribu."

Mama akamsogezea simu nyingine. "Jaribu sasa. Obedi, usikate."

"Shikamoo, anko," Koku akasema.

"Marahaba. Haya, tusaidie."

Koku akaandika majina manne kwa namba moja ya simu, kama watu wanavyofanya: mwenye simu nzuri ndiye anayeukatia ukoo mzima tiketi. Akabonyeza. Likabaki jina moja.

"Dada, nimeona," Obedi akasema. "Inadhani namba moja ni mtu mmoja. Wa mwisho anawafuta wenzake."

Wakarekebisha. Koku akajaribu tena na tena mpaka kidole kikauma, na majina ya abiria yakarudi. Jioni bibi mmoja akapiga toka melini. "Tumekaa wote, mwanangu. Mmoja ameshatapika na hata hatujaondoka."

Mama akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Akampigia mkurugenzi. "Jina ni langu. Nilisema imepita bila kuangalia."

Akamgeukia Koku. "Kazi ya wengi ni mtumbwi. Ukisema umeziba tundu na hujaziba, wenzako wanapanda kwa kukuamini. Kusema 'bado' si aibu. Na mimi niliye kiongozi, kuuliza tu hakutoshi. Haya, na uwanja umemaliza?"

"Nime..." Koku akajikatiza. "Bado, mama. Upande wa kuku."

Akauokota ufagio, akatoka.