Waya Nyuma ya Rafu

Tone la maji lilidondoka kwenye karai. Kimya. Likadondoka jingine.

Mwanafunzi alikuwa macho gizani, kwenye godoro la sebuleni kwa dada yake, akihesabu. Kati ya tone na tone alifika nne, kisha sita, kisha tatu. Bomba bovu halina mapigo. Mambo ya kuhesabu mapigo alifundishwa na Fundi, mwanamume aliyekuwa akiishi naye, na sauti ya Fundi hakuwa ameisikia kwa siku tisa. Binti wa Mwanafunzi mwenye miaka mitano, Kidoti, alikuwa amemlalia mkono mpaka ukafa ganzi. Hakuuondoa.

Jina la Mwanafunzi alipewa na Fundi huyohuyo, siku walipokutana kwenye jengo la vifaa vya umeme, watu wakisukumana kwenye korido kama maji yaliyokosa mfereji. Mchana alikuwa mpiga pasi wa dobi, jioni anasoma. Siku hiyo alifuata waya wa pasi, amevaa sketi ya bluu ya marinda na mtandio wa njano, madaftari kwapani. Mara mtandio ukamtoka kichwani, ukaondoka zake. Ulikuwa umenaswa na ncha ya chuma ya bunda la nyaya lililokuwa begani kwa mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi upande mmoja tu.

"Kaka, unanivua mbele za watu?"

"Samahani, dada. Ni waya, si mimi."

"Basi waya wako hauna adabu. Umelelewa na nani?"

"Na mimi. Ndiyo maana natafuta wa kunisaidia kulea."

Akacheka bila kupenda. "Kwanza jifunze kupiga pasi mgongoni."

"Wewe ni mwalimu?" alisema yule bwana. Akayaangalia madaftari, akajijibu mwenyewe: "Hapana. Mwanafunzi."

Jina likaganda.

Miezi minne baadaye yeye na Kidoti walihamia kwa Fundi. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, na kimoja chote kilikuwa cha mashine: rafu ya chuma ukutani, vipimo vitano vyenye vioo vya kijani, harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa. Chini kabisa kilikaa kisanduku cha kijivu kilichotoa joto kama mkate uliotoka jikoni. Fundi alikiita saa mama.

"Ukiwa na saa tano nyumbani, kila moja inasema lake," alimweleza. "Na vipimo ni hivyohivyo. Kila kimoja kina saa yake tumboni, na zinazeeka. Kwa hiyo nazinyamazisha zote, zinafuata mapigo ya huyu mama. Milioni kumi kwa sekunde, hakosei."

"Na hiki kisanduku cha katikati?"

"Cha kugawa. Kila kipimo kinapata waya wake."

"Si ungeviunga vyote kwenye waya mmoja?"

"Wewe ni mzazi. Watoto watano kwenye titi moja kwa wakati mmoja, nani atashiba?"

Mwanafunzi alimpiga kofi la begani. Kidoti, aliyekuwa akitazama taa ndogo ya saa mama, aliuliza kwa nini ni ya kijani.

"Ikiwa nyekundu, bado ana baridi. Ikiwa kijani, ameshapata moto. Lakini hata hapo anataka siku tatu kutulia. Ndiyo maana hatumzimi kamwe, hata kwa dawa."

Alikuwa mtu wa maneno hayo, Fundi. Akimpigia simu mchana, kazini kwa dobi, anaanza bila salamu: "Mwanafunzi wangu, leo nimekukosa kwa sehemu moja ya bilioni." Naye anamjibu, "Hiyo ni kidogo, ongeza." Wanawake wenzake mezani walimcheka mpaka mvuke wa pasi ukawaingia machoni.

Kisha ikaja asubuhi ya sare. Kidoti alichelewa shule, Fundi ametoka kununua risasi ya kulehemu, na soketi ya chumbani ilikuwa imeungua. Mwanafunzi alisogeza rafu apate soketi ya nyuma, akapiga pasi ile sketi ndogo upesiupesi. Alipoirudisha rafu, waya mmoja ulikuwa umechomoka kwenye kisanduku cha kugawa. Matundu yalikuwa sita, yamefanana kama mapacha. Mawili yalikuwa wazi. Akauchomeka kwenye mojawapo, ukakaa vizuri, akamshika mtoto mkono wakatoka mbio.

Wiki hiyo Fundi alikuwa na kazi kubwa kuliko zote: redio kumi na mbili za magari ya wagonjwa, kila moja irekebishwe ikae sawasawa kwenye njia yake ya mawimbi. Alizifanya zote akiimba. Akatia sahihi.

Mwezi mmoja baadaye, dereva wa gari mojawapo aliita hospitali kwa redio akiwa bondeni, mahali simu haishiki, waandae daktari na damu. Aliita mara sita. Hakuna aliyemsikia. Mwanamke aliyekuwa nyuma ya gari alifika akiwa hai, lakini damu haikuwa tayari. Kichanga kilipona. Mama yake hakupona.

Redio ile ilipopimwa, ilikutwa nje ya njia yake. Sahihi ilikuwa ya Fundi.

"Mkono wangu uliteleza," alisema jioni ile, amekaa sakafuni. "Redio moja kati ya kumi na mbili, na ndiyo hiyo." Akainuka, akazima kila kitu. Saa mama naye akazimwa, baada ya miaka mitatu. Akaifunika rafu kwa shuka.

Alipotoka kwenda kuhojiwa, Mwanafunzi aliinua shuka akatazama nyuma. Waya wa kipimo cha redio ulikuwa kwenye tundu la sita, lenye vumbi la kutotumika. Akakumbuka sare, akakumbuka pasi. Fundi aliporudi alimkuta anafunga nguo kwenye mfuko.

"Unaenda wapi?"

"Kwa dada. Siku mbili tatu."

"Hutaki mtoto alale nyumba moja na mimi. Sema tu."

Akakaza fundo la mfuko, akamshika Kidoti mkono. Akaondoka, na Fundi akaamini alichokiamini.

Sasa, tone likidondoka ovyo kwenye karai, akili yake ikafika mahali ilipokuwa ikipakwepa. Mkono haukuteleza. Kipimo kilichokosa mapigo ya mama kilikuwa kimefuata saa yake iliyozeeka, kimya kimya. Na redio zote kumi na mbili zilipita kwenye kipimo hichohicho. Moja ilikuwa mezani kwa wachunguzi. Kumi na moja zilikuwa barabarani, zikisikika tu zikiwa karibu na hospitali.

Akaketi. Akapiga simu.

"Nambie," ilisema sauti ya Fundi.

"Umeamka?"

"Sikulala. Umesahau nguo?"

"Nakuja. Usitoke."

Dada yake, mlangoni na kanga mabegani, alikuwa amesikia. "Ukimwambia, atakufukuza, mdogo wangu. Mwanamume hasamehi la namna hiyo."

"Anifukuze, dada. Kuna watu watapanda magari yale leo."

Kulikuwa kumepambazuka walipofika. Fundi alikuwa na ndevu za siku tisa na shati lililokunjamana pande zote. Mwanafunzi hakuketi. Aliivuta rafu, akamwonyesha tundu, akamweleza habari ya sare bila kupunguza neno.

Fundi alipiga magoti nyuma ya rafu. Akaufuata waya kwa kidole mpaka kwenye tundu.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku niliyoondoka."

"Siku tisa."

"Siku tisa."

"Nimekaa humu nikiutazama mkono huu." Aliuinua, kisha akaushusha. "Siku tisa, Mwanafunzi."

Kidoti alijificha kwenye sketi ya mama yake.

"Tundu la sita limekufa tangu mwaka juzi," alisema Fundi, sasa akiongea na ukuta. "Nilisema nitalibandika utepe. Sikubandika. Na kipimo kina taa ndogo usoni, inazimika mapigo yakikatika. Sikuitazama hata mara moja. Nilikuwa naimba."

Akachukua simu. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ofisi ya magari? Ni mimi, fundi wa redio. Ondoeni zote. Ndiyo, zote. Wapeni madereva redio za zamani mpaka nizipime upya, na mtu wenu asimame hapa aone. Nitakuja mwenyewe saa nne kueleza."

"Tutakwenda wote," alisema Mwanafunzi. "Niliyeugusa waya ni mimi."

Fundi alirudisha waya kwenye tundu lake, akakata kipande cha utepe mweusi, akaliziba la sita. Akavuta shuka lote likaanguka. Akawasha saa mama, na taa nyekundu ikawaka.

"Sijui kama nitaweza," alisema taratibu. "Mimi na wewe. Leo sijui."

"Sikuja kuuliza hilo."

"Najua." Alisogea kidogo sakafuni, ikabaki nafasi ya mtu mmoja. Mwanafunzi aliketi, hawakugusana. Alfajiri ilikuwa imegeuka asubuhi, na mahali fulani mtoto wa wiki mbili alikuwa akinyonyeshwa na mtu asiye mama yake. Wote wawili walilifikiria hilo.

Kidoti aliwapita, akachuchumaa mbele ya kisanduku, mikono juu ya magoti. Akangoja hivyo, dakika nyingi, bila kugeuka.

"Imekuwa kijani," alisema.