Wito wa Kwanza

Mashine ilianza kunuka tope la mikoko. Mwanahawa akaifuta kwa spiriti, ikanuka tena.

Ulikuwa mwaka wa mvua za El-nino. Watu binafsi walikwisha kuruhusiwa kufungua zahanati, naye na mumewe wakafungua yao hapo Kibiti: mume dirisha la dawa, mke chumba cha altrasaundi. Kitandani alilala mzee Sadala, mkata boriti wa Salale, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umekufa. Mkewe, Bi Mwanaharusi, alinong'ona kuwa mzee aliitwa jina lake kule mikokoni, akaitika wito wa kwanza. Na kule, wallahi, mtu haitiki mpaka aitwe mara tatu, maana jini huita mara moja tu.

Mwanahawa akacheka moyoni. Jini gani huyo, na jenereta linanguruma nje? Akampaka mzee jeli shingoni, akasikiliza damu ikipita: hwaa, hwaa. Upande wa kushoto sauti ikawa nyembamba, kama mtu anayepumulia tundu la ufunguo. Mshipa umebana, sehemu saba katika kumi. Akainama kuandika.

"Mwanahawa."

Alidhani ni mzee. Na mtoto aliyelelewa hamwachi mkubwa aite bure.

"Abee."

Harufu ya tope ikajaa chumba kizima. Mzee Sadala, ambaye hakutamka neno tangu Ijumaa, akaketi, mdomo umenyooka, akajifuta machozi kwa mkono uleule uliokuwa umekufa.

"Nisamehe, mwanangu. Mimi sikukuita."

Wakaondoka bila kuaga. Mwanahawa akajiwekea mashine shingoni mwenyewe, upande wa kushoto, akasikia ileile hwaa nyembamba, akapima, ikaja saba katika kumi, kalamu ikamponyoka, na alipotaka kupiga kelele ulimi ukamlalia kinywani kama si wake.

Mashine ikakohoa kidogo, kama mtu anayesafisha koo ili aseme. Kikohozi kilikuwa chake yeye Mwanahawa. Hapo akaelewa inamtaka nani. Alimpenda mumewe, Mungu shahidi. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, na swichi ilikuwa palepale karibu.

Mkono ukabaki mapajani.

"Baba Muzdalifa," mashine ikaita, kwa sauti ya mke asiyemtaja mumewe kwa jina.

"Naam, mama," akaitika mume kutoka dirishani.

Mwanahawa akainama, akaiokota kalamu kwa mkono wa kulia.