Kunzes na Shimo la Katikati ya Galaksi

Kunzes alikuwa akimimina chai ya siagi huku akirudia somo. Kesho angefanya mtihani katika kituo cha kutazama nyota cha Hanle, huko milimani. Akifaulu, angepewa darubini na ruhusa ya kuwaonyesha wageni nyota.

"Katikati ya galaksi kuna shimo jeusi kubwa," alisema. "Limezishika nyota zote, kama nguzo inavyowashika ng'ombe wanaoizunguka wakipura shayiri."

Jirani yao Rigzin, fundi wa kituoni aliyekuja kunywa chai, alitikisa kichwa.

"Hapo utaanguka mtihani, dada."

"Kwani nyota hazizunguki, kaka?"

"Zinazunguka. Lakini shimo ni dogo ukililinganisha na galaksi. Nyota zinashikwa na uzito wa galaksi nzima, pamoja na vitu tusivyoviona."

"Basi shimo lina kazi gani?" aliuliza Dolkar, mama mkwe wa Kunzes. Mdomo wake ulijaa unga mkavu wa shayiri ya kukaanga, na sahani ya unga huo ilikuwa mbele yake. "Linakula na kulala tu, kama wewe Rigzin?"

Alicheka mzaha wake mwenyewe. Puu! Unga wa mdomoni ukaruka, ukapeperusha na ule wa sahanini. Uso wa Kunzes ukawa mweupe, na sahani ikabaki tupu.

"Hivyo hivyo, mama!" Rigzin alipiga makofi. "Gesi ndiyo unga. Nyota huzaliwa kutokana na gesi, na shimo hula gesi hiyo hiyo. Likila kwa pupa, gesi iliyo karibu hupata joto kali na kung'aa. Nyingine huvuma nje kabla haijamezwa, ikasukuma gesi ya mbali. Shimo likakosa chakula, na nyota mpya zikawa chache. Wataalamu wanadhani ndiyo maana shimo na galaksi yake hukua pamoja. Penye rundo kubwa la nyota katikati ya galaksi, mara nyingi pana shimo kubwa."

Kunzes alijifuta macho. "Kumbe shimo na nyota wanakula sinia moja!"

Kesho yake mtahini alimuuliza, "Shimo la galaksi yetu litatumeza?"

"Hapana, bwana. Liko mbali mno, na siku hizi linakula kidogo sana. Wala si lenyewe linalotushika. Uzito wa galaksi nzima ndio unaotushika."

"Na mgeni akiendelea kuogopa?"

"Nitamkalisha karibu na jiko, nimweleze tena polepole."

Mtahini alitabasamu, akatia sahihi ruhusa yake.

Darubini ilifika nyumbani mchana. Dolkar alikalia sanduku la darubini, mtu yeyote asiliguse.

"Mimi ndiye wa kwanza kutazama," alisema.

"Lakini jua halijatua, mama!" alisema Kunzes.

"Nitangoja. Nileteeni mto."